Choo cha boti humwagwa wapi?

Vyombo vidogo vya utalii hutia nanga mahali ambapo bahari ni safi kuliko kwingine. Kuulinda usafi huo kunahitaji tangi moja la plastiki, na tangi hilo haliuzwi dukani likiwa na umbo la chombo chako. Ni lazima litengenezwe.

Boti ya watalii inapotia nanga pembeni mwa mwamba wa matumbawe, nusu ya abiria huwa wameshajitosa majini kutazama samaki. Aliyebaki juu huomba choo. Anaonyeshwa mlango mdogo chini ya sitaha, anamaliza haja yake, anasukuma pampu mara kadhaa na kutoka. Kama boti hiyo haina tangi la majitaka, alichokiacha kimepita kwenye mpira wa inchi moja na nusu, kimetokea kwenye tundu lililo chini ya usawa wa maji, na sasa kimo katika maji yaleyale wanamoogelea wenzake.

Wengi hawalioni hilo kuwa tatizo kwa sababu bahari ni pana. Zamani jahazi lilikuwa na kibanda cha choo kilichoning'inizwa nje ya shetri, na hakuna aliyelalamika. Lakini jahazi lile lilikuwa safarini, katikati ya mkondo, na mabaharia wachache. Boti ya matembezi huenda kinyume chake: inasimama, inasimama mahali palepale kila siku, mara nyingi kwenye kina kifupi kilichozungukwa na matumbawe, na inabeba watu wengi kwa saa nyingi.

Tuseme ukweli pia kwamba boti si mchafuzi mkuu wa pwani yetu. Miji hutoa majitaka mengi zaidi. Mifereji ya zamani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwa mfano, ilijengwa kumwaga baharini. Tofauti ni kwamba mji humwagia ulipo, ilhali boti huubeba uchafu na kuupeleka hadi mlangoni mwa hifadhi. Naitrojeni na fosforasi zilizomo kwenye kinyesi na mkojo hurutubisha mwani, na mwani ukishamiri huyafunika matumbawe na kuyanyima mwanga. Vijidudu vya kuhara navyo haviulizi kama aliyemeza funda la maji ni mgeni au mvuvi.

Wapo waliolielewa hili mapema. Katika kisiwa cha Chumbe, kusini mwa mji wa Zanzibar, nyumba za wageni zilijengwa na vyoo vya mboji visivyotiririsha kitu chochote kwenye matumbawe. Nchi kavu hilo linawezekana kwa kuchimba na kujenga. Ndani ya boti, mahali pa kuhifadhia ni tangi.

Sheria iliandikwa kwa meli kubwa

Mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi kutoka melini, MARPOL, una kiambatisho cha 4 kinachohusu majitaka. Kilianza kutumika Septemba 2003. Kinazigusa meli zinazosafiri kati ya nchi na nchi zenye ujazo wa tani 400 na zaidi, au ndogo kuliko hapo zilizoidhinishwa kubeba watu zaidi ya 15. Meli ya namna hiyo ikitaka kumwaga majitaka ambayo hayajasafishwa, lazima iwe zaidi ya maili 12 za bahari kutoka nchi kavu iliyo karibu, iwe mwendoni kwa kasi isiyopungua noti 4, na imwage kidogo kidogo. Yakiwa yamesagwa na kuuliwa vijidudu kwa mtambo ulioidhinishwa, umbali hushuka hadi zaidi ya maili 3.

Tuchukue kipimo hicho na kukiweka juu ya ramani yetu. Maili 12 za bahari ni kilomita 22 na ushei. Mkondo unaotenganisha Unguja na bara, katika sehemu yake nyembamba, haufiki kilomita 40. Ili uwe mbali na pwani zote mbili kwa kipimo cha mkataba unahitaji upana wa kilomita 44. Kwa maneno mengine, hapo hakuna hata tone moja la bahari ambalo meli kubwa ingeruhusiwa kumwagia majitaka mabichi. Boti ndogo ya mita 12 huweza kukwepa masharti hayo kwa udogo wake tu, ingawa kinyesi chake hakina tofauti na cha meli.

Kwingineko mwanya huo umezibwa. Marekani inakataza vyombo kumwaga kinyesi ambacho hakijasafishwa ndani ya maili 3 kutoka pwani, na katika maziwa na ghuba zake kadhaa hata kilichosafishwa hakiruhusiwi. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2013 kuhusu vyombo vya starehe, unataka kila boti mpya yenye choo iwe imeunganishwa na tangi la kuhifadhia au mtambo wa kusafisha. Uturuki imeanzisha kadi ya kielektroniki iitwayo Mavi Kart, ambayo huandika kila mara chombo kinapokwenda kutoa majitaka yake bandarini. Wenye boti za zamani katika nchi hizo walijikuta wakitafuta mahali pa kuchomeka tangi ndani ya chombo ambacho mbunifu wake hakulifikiria kabisa. Ndipo ufundi wa kutengeneza matangi ya plastiki kwa vipimo maalumu ulipokua.

Kwa nini plastiki

Fundi wa kwanza anayeulizwa kuhusu tangi la boti huwa ni wa chuma, na jibu lake huwa chuma kisichoshika kutu. Kwa maji ya kunywa jibu hilo lina mashiko. Kwa majitaka, mkojo na maji ya chumvi hushambulia hasa sehemu zilizochomelewa, vikachimba vitobo vidogo ambavyo huvioni mpaka uanze kusikia harufu. Alumini nayo hupatwa na maradhi hayohayo. Faibaglasi inaweza kufanya kazi nzuri, ila inataka mkono mwangalifu sana upande wa ndani, kwa sababu penye tundu la hewa lisilojazwa vizuri majitaka hupenya polepole.

Polietilini, yaani plastiki ile ya matangi ya maji tunayoyaona juu ya kila paa na ya madumu ya mafuta ya kupikia, haijali mkojo wala chumvi. Ndugu yake, polipropilini, ni ngumu zaidi na nyepesi kidogo. Ndiyo inayotumika kwenye bampa nyingi za magari. Zote mbili ni nyepesi kuliko maji. Zote mbili huyeyuka kwa joto na kurudi kuwa ngumu zikipoa, ile ya kwanza kwenye nyuzi 130 hivi na ya pili karibu na 165.

Zina kasoro moja kubwa ambayo ni lazima mwenye boti aijue kabla hajalipa mtu: hazishiki gundi. Silikoni, epoksi, gundi ya mabomba, vyote vitaonekana vimeshika leo na kubanduka wiki ijayo. Kiungo cha kweli cha plastiki hizi hupatikana kwa joto peke yake, na kila moja hukubali kuungana na ya aina yake tu. Ukichomelea polipropilini juu ya polietilini umepoteza siku. Kama bamba halina alama, tafuta namba ndani ya pembetatu: 2 ni polietilini ngumu, 5 ni polipropilini. Pasipo na namba, choma kipande kidogo mahali penye hewa. Polietilini hunuka mshumaa uliozimwa. Plastiki ya mabomba ya PVC hutoa moshi mkali unaowasha pua, na hiyo iweke kando.

Swali linalofuata ni la haki: kwa nini usinunue simtank ndogo au pipa la buluu la lita 200, ukaliingiza botini? Matangi ya dukani hutengenezwa kwa kuzungusha unga wa polietilini ndani ya kalibu iliyo kwenye moto, na kwa kuwa hayana kiungo ni imara sana. Lakini kalibu moja ni ghali, hivyo kiwanda hutengeneza maumbo yanayouzika, nayo ni mviringo uliosimama. Mviringo ukiuingiza kwenye nafasi ya mraba unapoteza zaidi ya asilimia 20 ya nafasi hiyo. Isitoshe, kifuniko cha tangi la paani kimetengenezwa kuzuia vumbi na hakizuii majitaka yanayochezeshwa na wimbi. Tumbo la chombo lina mteremko, lina mataruma yanayojitokeza, lina mlango mwembamba. Tangi lake hukatwa kwa kipimo, kama kanzu kwa mshonaji.

Kipimo kabla ya moto

Anza na hesabu ya matumizi. Choo cha pampu ya mkono hutumia takribani lita 2 hadi 4 kwa kila safari, kutegemea mkono wa mtumiaji. Watu 4 wanaolala botini, kila mmoja akienda mara 5 kwa siku, kwa lita 2 na nusu kila mara, ni lita 50. Boti ya matembezi ya siku moja yenye abiria 10, kila mmoja akienda mara 2 kwa lita 3, ni lita 60. Tangi la lita 150 hadi 200 basi linatosha siku 3 kwa familia au siku 2 za kazi kwa boti ya utalii, na akiba kidogo juu.

Kisha pima nafasi, ukikumbuka unene wa kuta. Chukua tangi lenye urefu wa sentimita 100, upana wa 50 na kimo cha 40. Kwa nje ni lita 200 kamili. Likitengenezwa kwa bamba la milimita 10, ndani zinabaki lita 179, na hapo bado hujaacha nafasi ya hewa. Tangi hilo linahitaji mita 2.2 za mraba za bamba, karibu kilo 21 za plastiki, na bamba moja la kawaida la mita 1.22 kwa 2.44 linatosha huku masalia yakitumika kwa kuta za ndani.

Milimita 10 zinaweza kuonekana nyingi kwa chombo kisichobeba shinikizo. Hesabu inasema vingine. Ukuta wa upana wa sentimita 60 na kimo cha 50, tangi likijaa, unasukumwa na uzito wa kilo 75 hivi boti ikiwa imetulia. Ukuta mwembamba hutuna, na kutuna huko huvuta kiungo cha pembeni kila wimbi linapopiga, mpaka kinapasuka. Kwa matangi madogo ya lita 50 au 60, milimita 6 zinaweza kutosha.

Baada ya hapo tengeneza tangi la uongo. Chukua maboksi magumu au plaiwudi nyembamba, kata, gundisha kwa utepe, mpaka upate umbo linalokaa vizuri kati ya mataruma. Halafu litoe nje na ulirudishe ndani kupitia mlango wa sitaha. Hatua hii ndiyo huokoa fedha nyingi kuliko zote. Tangi linaloenea kwenye nafasi yake lakini halipiti mlangoni halina faida, na boksi la karatasi likigoma kupita unajua mapema kwamba unahitaji matangi mawili madogo yaliyounganishwa kwa bomba.

Acha upenyo pande zote. Polietilini hutanuka kwa joto kuliko mbao au chuma: tangi la mita 1 huweza kurefuka milimita 3 hadi 4 chombo kikitoka kwenye ubaridi wa alfajiri hadi joto la mchana chini ya sitaha. Katika vyombo vya mbao upenyo una faida ya pili. Mashua hupandishwa pwani kukalafatiwa, ubao uliooza hubadilishwa, na fundi atataka kufika upande wa ndani. Tangi lililoshindiliwa kati ya mbao humlazimisha avunje kitu. Lililokaa juu ya vitako vya mbao na kufungwa kwa mikanda miwili hutolewa kwa nusu saa.

Mikanda hiyo iwe ya kweli. Lita 179 ni kilo 179, sawa na watu wazima wawili na nusu waliolala sehemu moja, nao hawalali: hukimbilia upande ambao boti imeinamia na kuizidishia mwinamo. Ndiyo maana tangi huwekwa chini na katikati kadiri inavyowezekana, na ndani yake huchomelewa ukuta mmoja au miwili wa kuvunja mawimbi, wenye uwazi juu wa kupitisha hewa na chini wa kupitisha majitaka. Usisahau pia kuacha njia ya kuiona ngama chini ya tangi. Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani; chochote kitakachovuja katika chombo hicho utakikuta hapo, na ni heri ukikute mapema.

Kuchomelea

Kazi yenyewe hufanywa kwa bunduki ya hewa ya moto na fimbo ya plastiki ya aina ileile ya bamba. Kingo hukatwa mshazari ili zikikutana zifanye mfereji. Kabla ya moto, fundi hukwangua uso wa bamba na wa fimbo kwa kisu, kwa sababu tabaka la juu lililokaa na hewa na jua halishikani. Wanaoruka hatua hii hupata kiungo kizuri kwa macho ambacho hubanduka kwa kucha.

Hewa huwekwa kwenye nyuzi 300 hivi, ikirekebishwa kulingana na bamba. Fimbo na bamba lazima vilainike kwa pamoja. Fimbo ikiyeyuka peke yake juu ya bamba baridi, umepaka rangi tu, hujaunga. Plastiki ikianza kugeuka kahawia au kutoa moshi, umeiunguza na imepoteza nguvu. Kipimo cha uaminifu ni rahisi: chomelea vipande viwili vya masalia, viache vipoe kabisa, kisha vikunje kwa nguvu. Bamba lipinde, au lipasuke, kabla ya kiungo kuachia. Fundi anayekataa jaribio hili mbele yako, mshukuru na utafute mwingine.

Kwa mabamba mazito, bunduki inayosukuma plastiki iliyoyeyuka kwa wingi hufanya kazi haraka na kiungo kinakuwa kinene. Kwa vyovyote vile, kuta huungwa ndani na nje. Kifuniko cha juu, ambacho huwekwa mwisho, kinaungika kwa nje pekee, na kwa hiyo matundu yote na mashina ya mabomba yamalizwe kabla hakijafungwa.

Mashina yawekwe juu ya tangi. Tundu la chini huvuja siku moja. La juu huvuja tu tangi likifurika. Bomba la kunyonyea hushuka ndani mpaka sentimita 2 au 3 kutoka sakafuni. Weka pia mlango wa ukaguzi wenye upana wa sentimita 15 au zaidi, na omba bamba la rangi yake ya asili, jeupe linalopitisha mwanga. Ukimulika tochi ubavuni utaona kimo cha majitaka bila kifaa chochote, wakati vipimo vya kuelea ndani hugandwa na uchafu na kuanza kudanganya. Bamba jeusi, linalofaa juani, halina kazi chini ya sitaha.

Tangi likiisha, lijaze maji pomoni likiwa nje ya boti, lifute likauke, uliache siku nzima na usiku wake. Usilijaribu kwa upepo wa kompresa. Kuta bapa hazikuumbwa kwa shinikizo, na tangi linalopasuka kwa hewa huumiza.

Harufu ina sababu

Wamiliki wengi wa boti hulikataa tangi kwa hofu ya harufu, na hofu hiyo imetokana na matangi yaliyokosewa. Ndani ya majitaka kuna bakteria wa aina mbili. Wanaotumia hewa huozesha uchafu na kutoa kaboni dioksaidi isiyonuka. Wasiotumia hewa hutoa methani na gesi ya salfidi hidrojeni, ile inayonuka yai viza. Fundi anapoweka kipumulio chembamba cha milimita 16, kirefu na chenye kona, amewapa ushindi hao wa pili. Kipumulio kiwe cha milimita 25 au zaidi, kifupi, kipande juu moja kwa moja bila kulegea katikati na kufanya bonde la maji. Viwili pande tofauti za boti ni bora zaidi, maana upepo huingia huku na kutokea kule.

Kipumulio hicho hulilinda tangi lenyewe pia. Kikiziba wakati pampu inanyonya, nguvu ndogo tu ya utupu, moja ya tano ya shinikizo la hewa ya kawaida, huweka mzigo wa kilo 600 juu ya ukuta uleule wa sentimita 60 kwa 50. Matangi hukunjamana namna hiyo.

Maji ya bahari yanayotumika kusafishia choo huongeza tatizo kwa sababu yana salfeti, na bakteria wasiotumia hewa huigeuza kuwa gesi hiyohiyo ya yai viza. Pia yakikutana na mkojo hujenga magamba ndani ya mipira mpaka njia inaziba. Wenye nafasi husafishia kwa maji baridi kidogo. Wengine hupitisha siki mara kwa mara.

Harufu ikibaki, shuku mipira kabla ya tangi. Mpira laini wa bei rahisi hupenyeza harufu taratibu kwenye ukuta wake, hasa mahali ambapo majitaka hutuama. Jaribio lake halina gharama: loweka kitambaa katika maji ya moto, kikamue, kisugue juu ya mpira, kisha ukinuse mbali na hapo. Kikinuka, badilisha mpira huo. Jambo moja halina mzaha: usiingize kichwa ndani ya tangi lililotumika. Salfidi hidrojeni ikizidi huua pua kwanza, ukadhani imeisha, na inayofuata ni kupoteza fahamu.

Kulimwaga

Tangi linahamisha swali kutoka kwenye mwamba hadi gatini. Mkataba uleule wa MARPOL unazitaka nchi wanachama ziwe na mahali pa kupokelea majitaka ya meli bandarini, lakini boti ya kijijini haitii nanga bandari kuu. Kwake, njia inayowezekana ni pampu ya kiwambo ya mkono au ya betri inayosukuma majitaka kwenye tangi la ufukweni, na gari la kunyonya majitaka linaloyapeleka kwenye mabwawa ya kusafishia, kama yale ya Vingunguti jijini Dar es Salaam. Hoteli ambayo tayari ina mfumo wa majitaka na boti zake yenyewe inahitaji kuongeza bomba moja na vali moja.

Wala si kila chombo kinahitaji tangi la kuchomelewa. Mashua ndogo yenye abiria 6 hufaa choo cha kubebeka chenye tangi lake la lita 20, ambacho mtu mmoja hukibeba hadi chooni nchi kavu. Tangi maalumu ni la vyombo vyenye choo cha kudumu na watu wanaokaa saa nyingi majini.

Ufundi unaohitajika hautoki mbali. Mwaka 2018 huko Lamu kilishushwa majini chombo cha Flipflopi, chenye urefu wa mita 9, kilichojengwa kwa plastiki iliyorejelezwa na kufunikwa kandambili zipatazo 30,000 zilizookotwa. Fundi Ali Skanda na wenzake waliikata na kuiranda plastiki hiyo kwa njia za kujengea mashua za mbao, na mwaka uliofuata chombo hicho kilisafiri hadi Zanzibar. Pwani ina watu wanaojua tumbo la chombo kwa kulitazama. Mijini kuna vijana wanaoziba nyufa za bampa na matangi ya maji kwa bunduki za hewa ya moto. Kazi ya tangi la boti inahitaji mikono hii miwili ikutane kwenye boksi moja la karatasi.

Kuwakutanisha kunaweza kufanywa na wengi. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vilivyo pwani vinaweza kufundisha kuchomelea plastiki kwa kiwango cha tangi, kikiwemo kipimo cha kukunja kiungo. Wakaguzi wa vyombo, TASAC kwa Tanzania Bara na mamlaka za usafiri baharini kwa Zanzibar na Kenya, wanaweza kuuliza swali moja la ziada wanapokagua boti ya utalii: choo chako kinaishia wapi? Hifadhi za bahari, kuanzia Watamu na Malindi zilizotangazwa mwaka 1968 hadi Mafia ya mwaka 1995, hutoza ada kwa wanaoingia kutazama matumbawe, na zingeweza kuwapunguzia ada wenye boti zilizofunga tangi na kuonyesha risiti ya mahali walipolimwaga.

Risiti hiyo ndiyo jambo la kusisitiza. Tangi lisilo na ushahidi wa kumwagwa nchi kavu huishia kuwa pambo la kuonyesha mkaguzi, huku vali ya baharini ikifunguliwa usiku. Bamba moja la plastiki, mikanda miwili na kipumulio kipana vinatosha kuanza, na mwenye boti anaweza kuvinunua bila kusubiri mtu. Mahali pa kumwagia ni jukumu la gati, hoteli na halmashauri, na hapo ndipo msukumo unapaswa kuelekezwa.